Kumngoja Royce Haskett

Keki ya saba iliyotengenezwa kwa umbo la chombo cha anga iliingia jikoni kwa Verlene Haskett saa nne asubuhi, na hakukuwa na mahali tena pa kuiweka. Meza ilikuwa imejaa mabakuli ya tambi na jibini, mayai ya kujazwa, na paja zima la nguruwe. Mtaani kwao Houston, jirani na Kituo cha safari za anga, mume wa mtu akiwa angani majirani humpikia mkewe kana kwamba kuna msiba. Verlene aliipandisha keki juu ya friji, akashukuru, kisha akasahau nani aliyeileta.

Siku ya kumi na mbili hiyo, hajalala usingizi wa maana. Mumewe, Royce, alikuwa juu na wenzake wawili wakiizunguka dunia, na leo walikuwa wanashuka. Aliye juu mngoje chini, na Verlene alingoja. Kila walichosema wanaume wale kilimfikia kwa kisanduku cha sauti ambacho watu wa Kituo walikifunga juu ya kabati lake, nacho kilikoroma usiku na mchana. Juzi Royce alipewa nafasi ya kusalimu nyumbani. Aliwasalimu binti zake wawili, akamsalimu mbwa, akamsalimu na fundi wa gari lake. Wanawake waliokuwepo walicheka sana.

Mke wa pale hampi mumewe mawazo. Mwanaume mwenye mawazo ya nyumbani harushwi, na hilo halikuhitaji kuandikwa popote. Verlene alipopasuliwa kidole tumbo, Royce aliambiwa baada ya mazoezi kwisha.

Aliyemtaka awe karibu naye siku hiyo ni Jonell Pruitt wa nyumba ya tatu. Mume wa Jonell alianguka na ndege ya mazoezi miaka minne iliyopita. Tangu hapo kuna shule yenye jina lake, na Jonell ndiye anayeitwa kukata utepe. Hata kwa muuza nyama yeye ni mjane wa Pruitt. Daktari wa meno aliwahi kumpa lifti, mara moja tu, na kufika Jumapili mchungaji alikuwa ameshapiga hodi kuulizia. Jonell hakuwa mtu wa kulalamika. Neno lake lilikuwa moja, kwamba alichelewa siku mbili, na watu walimhurumia, maana walijua hakuwahi kumuaga marehemu.

Saa tano na dakika kumi kisanduku kikanyamaza.

Walikuwa wameelezwa. Chombo kikiingia kwenye hewa kinazungukwa na moto, na sauti haipiti. Ni dakika nne tu, walisema. Verlene alisimama kwenye sinki akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Dakika nne zikapita, ikaingia ya tano. Sebuleni watu wakaacha kutafuna. Binti zake, waliokuwa wamekaa mbele ya televisheni, waligeuka wakamtazama yeye.

Verlene aliogopa. Miaka yote alikuwa amemwombea Royce kwa mdomo, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, lakini dua hii ilitoka tumboni. Mshushe, Mungu wangu. Avunjike mguu kama ni lazima, mradi anapumua.

"Asiporudi?" alimnong'oneza Jonell.

"Basi utakuwa mke wa Royce Haskett mpaka siku unazikwa," Jonell alijibu taratibu. "Usiniulize mimi, mwenzangu. We omba."

Verlene akakaa sakafuni na gauni lake lililopigwa pasi kwa ajili ya picha.

Ndipo kisanduku kikakwaruza, na sauti ya Royce ikasikika, imechoka, ikisema miavuli yote mitatu ya kushushia chombo imefunguka. Nyumba ikalipuka kwa kelele. Kwenye televisheni chombo kilishuka kikipepesuka, kikajibamiza kwenye maji ya Pasifiki, na wapiga mbizi wakaruka kutoka kwenye helikopta kukifuata. Wanaume wakawasha sigara kubwa. Ofisa wa Kituo akaja jikoni kumpa Verlene mkono, akamwambia yamekwisha, mumewe yuko majini salama.

"Majini watu huzama," Verlene alisema. "Nataka nimwone akitembea."

Wakamcheka kwa upendo, lakini hakugusa chakula wala kinywaji. Ilipita karibu saa nzima kabla helikopta iliyowaopoa haijatua juu ya manowari iliyokuwa ikiwasubiri na mlango wake kufunguliwa. Royce akatoka. Miguu ilimyumba kama ya ndama wa jana, akashika mkono wa baharia, kisha akauachia, akapiga hatua sita mwenyewe na kupiga saluti. Verlene akalia kwa sauti, asijali nani anamwona. Wanawake wakalia naye. Mmoja akasema hayo ndiyo mapenzi, ya siku hizi ni maigizo.

Alipojifuta uso alitoka nje, ambako waandishi wa habari walikuwa wameshaua majani ya bustani yake kwa kuyakanyaga. Aliwaambia ana furaha, ana fahari, na anamshukuru Mungu, kama walivyosema wake wote wa mtaa ule kabla yake. Mmoja akamuuliza sasa atafanya nini kwanza.

"Nitapiga simu," alijibu, nao wakatabasamu na kuandika.

Jonell alimfuata chumbani, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo ili mtu asiingie. Verlene akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungusha namba ambayo alikuwa nayo kichwani tangu majira ya baridi.

"Ni mimi, wakili," alisema. "Ametembea mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu. Ile kesi ya talaka, ifungue leo."