Tangazo la Figo

Wakati wa matangazo kanisani kwetu hapa Richfield, ughaibuni, nilisimama, na watu wakatoa simu tayari kutuma mchango wa harambee.

“Rudisheni simu mifukoni,” nikasema. “Leo naomba figo.”

Pasta akakohoa. “Dada Keziah, hayo tutayaombea faraghani.”

“Pasta, tumeyaombea faraghani mpaka figo zangu zote mbili zimelala.”

Nikapandisha mkono wa sweta. Mshipa wa dialisisi, ule wa kusafishiwa damu kwa mashine, ulikuwa umevimba, ukitetema chini ya ngozi kama friji kuukuu.

“Njooni mguse. Nusu yenu ni manesi, msijifanye waoga.”

Hakuna aliyesogea, ila kiongozi wa kwaya, ambaye tulikosana naye na hatujasalimiana tangu Pasaka. Alibandika kiganja juu ya mshipa, akakiacha hapo.

“Bado sijakusamehe,” akasema. “Haya, damu yako grupu gani?”