Mkasi wa Jozi Mbili

Munga hakushangaa, na hilo ndilo lililomshangaza Shaza.

Alikuwa ametoka Kisauni hadi Ziwa la Ng'ombe kwa miguu, njia nzima akijifunza uongo wa kumwambia mzee huyu fundi wa chuma: kwamba mkasi si wake, ni wa binamu yake, na binamu mwenyewe yuko mbali. Uongo wote ukabaki tumboni. Munga alisikiliza, akajikuna ndevu, akaanza kuchora mezani kwa chaki. Mkasi mmoja wa kukatia nguo, wenye jozi mbili za makali ya kuvua na kuvisha. Jozi ya kwanza ya mkono wa kulia, kama mikasi yote. Ya pili kinyume chake, ya mkono wa kushoto.

“Wafungua skrubu hii ya katikati na hizi mbili za vipini,” akasema. “Hazitaki haraka, lakini hazisumbui. Na usihofu, binti. Mimi sina mdomo.”

Shaza alizaliwa na shoto. Mamake alimfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka akajifunza kula, kusalimia na kupokea kwa wa kulia kama watu wengine. Adabu ilimwingia barabara. Mkasi tu ndio uliokataa. Kwa mkono wa kulia alikata nguo kama aliyeng'atwa na siafu, na kwa bahati yake mbaya alikuwa ameolewa na mwana wa Bi Mahfoudha, mshonaji ambaye maharusi wa Kisauni na Bamburi walimpangia foleni.

Bi Mahfoudha alikuwa mama mwema, lakini kwenye habari za mkono wa kushoto hakuwa na mzaha. “Nguo ya harusi hukatwa kwa bismillahi na mkono wa kulia,” aliwaambia wateja, nao wakaitikia kwa vichwa. Mwenyewe alikata alfajiri, mlango umefungwa, kwa mkasi wake wa miaka na miaka aliouweka kwenye kasha lenye kufuli. Eddah, mpiga pasi wao, aliwahi kuuiba dakika moja auonje. Ulimtafunia leso yake.

“Una wenyewe ule,” alimnong'oneza Shaza. “Mimi siugusi tena, hata nipewe nini.”

Sasa mgongo wa Bi Mahfoudha ulikuwa umeanza kugoma. Alitaka mtu wa kumwachia meza ya kukatia, na Shaza aliitamani meza ile kuliko kitu chochote katika nyumba ya mumewe.

“Lakini weye sikufahamu, mwanangu,” mkwewe alimwambia. “Nikikutazama, wakata kama panya. Nikikupa kisogo, wakata kama uliyefunzwa na malaika. Alhamisi nitakaa hapa nikutazame. Ukishindwa, namleta Barakat wa Likoni akate yeye, nawe ubaki na vifungo vyako.”

“Inshallah, Mama,” Shaza akasema.

Wiki nzima alijifua kwa mkasi ule wa Munga. Mbele ya watu alivisha jozi ya kulia, akajilazimisha hadi vidole vikamvimba. Duka likiwa tupu alivisha ya kushoto ili roho yake itulie kidogo, na kitambaa kikamfuata alikotaka. Raha ile hakuna aliyejua, na hakukusudia ajue mtu.

Alhamisi aliwahi kufika dukani. Akavisha jozi ya kushoto, akakata kipande cha mkono wa gauni ili ajipe moyo tu. Kikatoka safi. Akakata na cha pili, maana kitamu hakiliwi mara moja, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Bi Mahfoudha huyo, saa nzima kabla ya wakati, na Eddah nyuma yake amebeba hariri nyeupe ya bi harusi wa Bamburi.

Hakukuwa na nafasi ya kulegeza hata skrubu moja.

Shaza akasema bismillahi, akaushika mkasi kwa mkono wa kulia, makali ya kushoto yangali ndani. Hariri haikukatika. Ilijikunja katikati ya makali ikatafunwa, pale ukingoni, kiasi cha ncha ya kidole. Machozi yakamlenga. Meza ilikuwa imekwenda Likoni.

“Lete,” Bi Mahfoudha akasema.

Aliupokea mkasi akaupapasa. Kidole gumba kikapita juu ya makali, kikafika kwenye skrubu ya katikati, kikatulia hapo.

“Eddah!”

“Abee, Bi.”

“Nenda kaninunulie uzi mweupe.”

“Uzi mweupe si tunao, Bi? Uko tele kwenye—”

“Kanunue mwingine. Na usirudi mbio.”

Eddah akatoka huku akigeuka nyuma. Bi Mahfoudha akatia komeo mlangoni, akashusha pazia. Shaza alisimama kichwa chini, akingoja kuambiwa aende kwenye vifungo vyake. Neno lile halikuja. Alichosikia ni hariri ikikatika, mfululizo, bila kusita. Akainua macho.

Mkwewe alikuwa anakata kutoka kwenye pindo hadi kiunoni, mstari umenyooka, mkasi umetulia katika mkono wake wa kushoto.

“Huyu Munga,” akasema bila kuinua uso, “nilimwapisha asimtengenezee mtu mwingine.”