Likizo ya Punda

Mniwie radhi, hekaya hii nitaiharibu. Hata nyumbani watu hunikatiza katikati.

Kiboko, bosi wa shamba la miwa, aliwaamuru wafanyakazi waje kazini kwa miguu, kwa afya zao. Atakayetembea zaidi kuliko wote angepewa likizo. Yeye mwenyewe alikuja amempanda Punda, ambaye mgongo wake ulishaanza kupinda.

"Mzee, na mimi nimo?" Punda akauliza.

"Wafanyakazi wote wamo, bwana."

"Basi likizo ni yangu. Safari zako zote nimezitembea mimi."

Wenzake wakapiga makofi. Kiboko akakubali kwa aibu, kisha akauliza, "Sasa nani atanirudisha nyumbani?"

"Afya yako, mzee," Punda akamjibu akiondoka.

Funzo mlitafute wenyewe. Bodaboda yangu imefika, inanipeleka duka la ng'ambo ya barabara.