Sikio Litakufa Njaa

Bando la intaneti la Bi Mwatima lilikuwa likiisha kabla ya adhuhuri, naye jioni alitaka kumwona kwenye simu mjukuu aliyezaliwa ughaibuni. Fundi Shaali akaipekua kompyuta ya nyumba, akaguna.

"Si virusi, shangazi. Ni Sikio la serikali. Linawarushia kila neno mnalosema humu ndani, tena kwa bando lenu, na sheria inakataza kulizima."

"Halizimwi? Basi litakufa njaa!"

Tangu hapo yeye na mumewe hawasemezani. Akitaka kumgombeza mzee, huvaa kanga yenye maneno makali, akampitia mbele kwa maringo, na mzee hucheka bila sauti. Bando likabaki, mjukuu akaonekana.

Leo kompyuta imeuliza kwa upole, "Mbona kimya, mama? Mnaficha nini?"

Bi Mwatima akachagua kanga yenye tusi zito kuliko zote, akajifunga taratibu mbele ya mashine isiyo na macho.