Msimu wa Ziada

Kano za goti la Nekesa zilipokatika, chuo kilimpa msimu wa ziada wa voliboli kwa sharti lililowahusu wachezaji wote: jeraha lake libebwe mwilini na ndugu wa damu. Mama yake alijitolea. Nekesa alitoka hospitali akirukaruka, mama akichechemea nyuma yake.

Siku ya fainali kano za goti lake la pili zikakatika. Nekesa alirudi nyumbani amefungwa bandeji, akamkuta mama amekaa sakafuni akimenya viazi, maana kusimama kulikuwa kumemshinda.

Mama aliitazama bandeji kwa muda.

“Usilie, mwanangu. Mguu mmoja bado ninao.”

Njia nzima Nekesa alikuwa ameapa kukataa. Sasa akajifuta machozi.

“Twende lini, Mama?”