Mchaichai wa Makame

Mgeni alipiga hodi mchana, mkononi ameshika fimbo ndefu ya chuma. "Shikamoo, mama. Natoka idara ya maji. Tunatafuta bomba linalovuja."

"Marahaba. Tafuta, baba."

Akasimika fimbo uani, akaweka sikio juu yake. Bi Sikudhani akacheka. "Unaipima ardhi kama mkunga. Ina mimba?"

"Ya maji," akajibu kijana, akisogea mpaka penye mchaichai. "Bomba limepasuka hapa chini. Ndiyo maana kule mlimani wakifungua mifereji inatoa upepo tu."

Bi Sikudhani akaugeukia mmea. Mchaichai ule aliupanda mumewe, Makame, asubuhi aliyoondoka kwenda kutafuta kazi. "Usiuache ukauke mpaka nirudi," alimwambia, naye akaahidi. Lakini hakuwahi kuumwagilia. Kila kiangazi ulibaki kijani wenyewe, naye akaamini ni salamu: yu hai, yu njiani.

"Mkiziba, utakauka?"

"Usipoumwagilia, utakauka." Kijana akamtazama usoni, akasita. "Naweza kusema sikusikia kitu, mama."

Bi Sikudhani akawafikiria wanawake wa mlimani wanaopita mlangoni pake na ndoo kichwani. "Chimba, mwanangu."

Jioni bomba lilikuwa limezibwa na shina limerudishwa mahali pake. Kutoka mlimani vilisikika vigelegele. Bi Sikudhani alichukua kopo la maji aliyojiwekea ya kuoga, akainama polepole kwa sababu ya mgongo wake unaouma, akayamwaga yote mizizini. Udongo uliyanywa mara moja. Akabaki pale na kopo tupu, akitazama njia.