Kisichotumika

Siku hizi marehemu hurudi kukaa nyumbani kwake, ndani ya seva ndogo juu ya kabati la vyombo. Kila mwaka serikali hupunguza kumbukumbu anayoruhusiwa kutumia, na anayezidisha huzimwa.

"Mama, baba amezidisha tena," alisema Shaweji, macho kwenye skrini. Kikohozi cha mzee walishakizima, na mapenzi yake ya mpira pia. "Kuna kitu hapa kinakula nafasi kubwa, na hakijaguswa tangu tulipomwasha. Nikizime?"

Mama Nasra alikuwa anachambua mchele. "Kama hakitumiki, zima."

Seva ikaacha kuunguruma. Taa nyekundu ikageuka kijani, na mzee akazungumza kwa wepesi ambao hawakuwa wameusikia kwa muda mrefu.

"Mama Nasra," aliita, kama alivyomwita maisha yake yote. "Hivi, huyo Nasra ni nani?"

Tangu wamzike binti yao wa kwanza, hakuna aliyewahi kumzungumzia ndani ya nyumba ile. Mama akamgeukia Shaweji, amsaidie kujibu. Shaweji, aliyezaliwa baadaye, alikuwa ameinua macho, naye akisubiri jibu.